Bibi Akivunjika Nyonga: Tulikotoka Pwani ya Kilwa na Lindi, na Mambo ya Kupanga Mapema

SEHEMU YA 1: KAULI TULIYORITHI

Wengi mnanifuata humu kwa ajili ya chanjo, uji wa mtoto na homa za usiku. Safari hii nivumilieni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu mtu mwingine aliyemo humo humo ndani ya nyumba: bibi. Ndiye anayembeba mjukuu ukienda sokoni, anayekuchambulia mchicha, anayeamka alfajiri kutawadha wakati uani bado giza. Akianguka huyo, nyumba nzima inasimama.

Huku kwetu, kuanzia Kilwa Kivinje na Masoko, Mchinga, Lindi mjini hadi Sudi, kuna kauli utaisikia mzee akianguka na kuvunjika nyonga: "Hapo ndiyo basi tena, tumwache apumzike." Inasemwa kwa upole na kwa mapenzi. Lakini wodini tunaona matokeo yake. Mzee anakaa nyumbani wiki mbili, tatu, amelala chali. Akiletwa hospitali ana vidonda vya mgandamizo mgongoni, kifua kimejaa, hali chakula. Mfupa uliovunjika umekuwa shida ndogo kuliko zote alizonazo.

Sasa jamani, kauli hiyo haikutoka hewani. Kwa mamia ya miaka ilikuwa kweli, hapa kwetu na dunia nzima. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia historia kwanza, ushauri baadaye. Ukijua ni lini kauli ilikuwa kweli, na ni nini kilibadilika, utakuwa na la kusema kwenye kikao cha familia.

Kwanza tuelewane nyonga ni nini. Mfupa wa paja huku juu una shingo fupi inayoingia kwenye nyonga kama mchi kwenye kinu kidogo. Kwa mzee, hasa mwanamke aliyekwisha koma hedhi miaka mingi, mfupa huo hupungua uzito ndani kwa ndani. Si lazima aanguke kutoka juu ya mnazi. Anateleza kwenye sakafu yenye maji, anajikwaa kwenye pindo la mkeka, basi. Mguu unaonekana mfupi kuliko mwenzake, kidole gumba kimegeukia nje, na hawezi kusimama. Ukiona hivyo, fikiria nyonga kwanza kabla ya kufikiria kitu kingine.

SEHEMU YA 2: TAJIRI NA MASKINI WALIKUWA SAWA

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani. Alikuta mji wenye msikiti mkubwa, biashara ya dhahabu na pembe, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyesifiwa kwa ukarimu wake. Magofu ya Husuni Kubwa yapo hadi leo, ukitoka Masoko unavuka kwa boti tu. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia.

Sasa jiulize: katika mji ule uliotengeneza sarafu zake wenyewe, mama mzee wa ikulu akiteleza kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, angepata nini? Angepata mto chini ya mguu, mafuta ya kuchua, kombe la kunywa, dua, na wajakazi wa kumgeuza. Mama wa mvuvi angepata mto, mafuta, kombe na dua vilevile. Tofauti yao ilikuwa wingi wa mikono ya kuuguza. Kwa nyonga, dhahabu ya Kilwa haikununua chochote zaidi.

Nasema hivi si kwa kuwadharau wazee wetu. Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa kuunga mifupa, na baadhi wapo mpaka leo. Mtoto akivunjika mkono, fundi anaunyoosha, anaweka mabanzi ya mti au mianzi, anafunga kwa kitambaa, anasubiri. Kwa mfupa wa mkono au mguu ambao haujatoboa ngozi, njia hiyo ina akili ndani yake: nyoosha, tuliza, subiri. Hata mabanzi ya hospitali yanafuata kanuni ileile.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Huko Wales, Uingereza, kulikuwa na ukoo wa mafundi wa kuunga mifupa wasio na shahada yoyote. Kijana mmoja wa ukoo huo, Hugh Owen Thomas, alisoma udaktari karne ya 19 na akatengeneza banzi la chuma la kunyoosha mguu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia banzi hilo liliokoa askari wengi mno waliopigwa risasi za paja. Linaitwa banzi la Thomas, na mpaka leo manesi tunafundishwa kulitumia. Kwa hiyo mtu asikwambie hospitali na fundi wa mifupa ni mbingu na ardhi. Ni njia iliyoanzia pamoja, kisha mmoja akaendelea mbele.

Lakini nyonga ni hadithi nyingine. Ile shingo ya mfupa imejificha ndani ya nyama nene, huwezi kuifunga banzi. Tena damu inayoilisha hupita kwenye mishipa midogo ambayo mara nyingi hukatika mfupa unapovunjika. Mwaka 1822 Astley Cooper, daktari mpasuaji maarufu wa London, aliandika kwamba mvunjiko wa ndani ya kiungo cha nyonga kwa wazee hauungi. Huyo alikuwa bingwa wa Uingereza yote! Kwa hiyo bibi wa Kilwa na bibi wa London mwaka huo walikuwa kwenye mkeka mmoja.

Na ndiyo maana, mama yangu, kukanda na kuchua nyonga iliyovunjika hakusaidii. Kunaongeza maumivu na damu kuvia ndani, na siku zinapotea.

SEHEMU YA 3: DUNIA ILIPOBADILIKA, NA SISI TULIKUWA WAPI

Ili nyonga itibike, vitu vinne vilihitajika, na vyote vilipatikana ndani ya miaka 80 hivi.

Cha kwanza ni dawa ya usingizi. Mwaka 1846, Boston, Marekani, William Morton alionyesha hadharani mgonjwa akipasuliwa chini ya etha bila kupiga kelele. Cha pili ni usafi wa kuua vijidudu. Mwaka 1865, Glasgow, Joseph Lister alitumia asidi ya kaboliki kwenye kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu, na mguu ukapona bila kuoza. Cha tatu ni eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Cha nne ni chuma cha kushikilia mfupa: mwaka 1925 Marius Smith-Petersen, naye akiwa Boston, alianza kuunga shingo ya nyonga kwa msumari maalumu wenye mbawa tatu. Baadaye, miaka ya 1960 mwanzoni, John Charnley wa Uingereza akakamilisha nyonga ya bandia tunayoijua leo.

Mwaka ule ule wa 1895, Röntgen akitazama mifupa ya mkono wa mkewe kwenye picha, hapa Kilwa Kivinje Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwa kupinga utawala wao. Miaka kumi baadaye, 1905, vita vya Maji Maji vikaanza kwenye vilima vya Matumbi, nyuma tu ya Kilwa. Baada ya vita ikaja njaa. Na mwezi wa Oktoba 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne kwenye moja ya mapigano mabaya kuliko yote ya Afrika Mashariki. Wengi wa waliokufa na kujeruhiwa walikuwa Waafrika: askari wa pande zote mbili, kikosi cha Nigeria, na wapagazi. Majeruhi walibebwa kwa machela. Kwa hiyo ujuzi mpya ulipokuwa unazaliwa Ulaya na Marekani, sisi tulikuwa tunahesabu makaburi.

Hospitali zilikuja polepole, nyingi kupitia wamisionari. Wabenediktini walifika Nyangao na Lukuledi miaka ya 1890, na Ndanda mwaka 1906. Upande wa Masasi walikuwepo Waanglikana wa UMCA tangu 1876. Miaka ya 1920 watu walianza kumiminika kwenye zahanati kwa sababu moja kubwa: sindano ya buba. Mtu anafika na vidonda mwili mzima, anachomwa, baada ya siku chache ngozi inakauka. Sindano ikapata heshima. Ndiyo maana hata leo utasikia mzee anasema "sijatibiwa, sijachomwa sindano." Kisu ndicho kilichoendelea kuogopwa.

Aliyebadilisha jambo hilo kwa kiasi kikubwa kusini kwetu ni daktari mpasuaji Leader Stirling. Alitoka Uingereza akafika Lulindi, Masasi, mwaka 1935, na mwaka 1949 akahamia Mnero, Nachingwea. Alipasua watu vijijini kwa miaka mingi, akiwa na vifaa vichache na wasaidizi aliowafundisha mwenyewe. Alichukua uraia wa Tanganyika, akawa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mpasuaji wa kijijini kwetu kusini ndiye aliyekuja kuongoza wizara. Hili wafundisheni watoto wenu.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini. Chanjo, uzazi, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Haya ndiyo yaliyofanya watoto wengi waishi. Na mtoto aliyeokolewa miaka ile ndiye bibi yako leo! Wakati wa uhuru, wastani wa umri wa kuishi nchini ulikuwa miaka arobaini na kitu. Sasa umevuka 60. Watu wanaishi hadi kufika umri wa kuvunjika nyonga. Ni shida inayotokana na mafanikio.

Upasuaji wa mifupa wenyewe ulibaki mbali. Kuna KCMC Moshi tangu 1971, kuna Muhimbili, na mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI. Ila uwe Nangurukuru au Rondo, MOI ilikuwa kama nchi nyingine. Na hilo linatuleta kwenye barabara.

SEHEMU YA 4: MTO RUFIJI NA MFUKO WA NYUMBA

Mliozaliwa baada ya mwaka 2000 hamkumbuki Ndundu. Waulizeni wazazi. Kutoka Lindi kwenda Dar ni takriban kilomita 450, na katikati kuna mto Rufiji. Tulivuka kwa pantoni. Mvua za masika zikija, magari yalikwama siku na siku. Watu walibeba chakula cha safari kama wanaokwenda Hija. Sasa weka mzee aliyevunjika nyonga kwenye bodi ya lori, kwenye tope, siku ya tatu. Familia iliyosema "tumwache apumzike" wakati ule ilikuwa inamhurumia kweli.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, karibu kilomita moja ya daraja. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa miaka mingine, mpaka nacho kikapata lami. Leo mgonjwa anatoka Lindi asubuhi na jioni yuko Dar. Na si lazima kila mtu aende Dar. Kilwa kuna Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, Lindi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, kuna Nyangao, kuna Ndanda, na miaka ya karibuni imefunguliwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, Mtwara. Huduma za upasuaji wa mifupa hazilingani kila mahali na hubadilika, kwa hiyo uliza hospitali ya karibu yako: "Nyonga mnaipasua hapa, au mnatoa rufaa kwenda wapi?" Uliza leo, wakati hakuna aliyeanguka.

Msidhani barabara ndiyo imeshatuliza. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga, kusini yote ikatengana na Dar kwa siku kadhaa. Na ndugu zangu wa Songosongo na Kisiwani nyinyi mna bahari kabla ya barabara. Njia ya pili lazima ifahamike.

Upande wa pesa nao una historia yake. Baada ya uhuru tulizoea matibabu ya bure. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza. Mwaka 2001 ikaja sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na bima ya taifa ikaanza mwaka huohuo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka 2003, na Sera ya Afya ya 2007 ikasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sera ni jambo moja, dirisha la hospitali ni jingine, wenyewe mnajua. Mzee mwenye haki anaweza kurudishwa kwa kuwa hana karatasi ya mtendaji au kitambulisho cha matibabu ya wazee. Na hata matibabu yakiwa ya bure, vyuma vya mfupa, nauli, na chakula cha anayemuuguza huwa vinatafuta mfuko wa mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Zamani mzee alizuiwa na mto. Siku hizi, mara nyingi anazuiwa na kikao. Anamsubiri kaka mkubwa atoke Dar. Anasubiri ufuta uuzwe. Anasubiri shangazi aridhie kisu. Wiki mbili zinapita huku gari lipo na lami ipo. Wataalamu wanashauri nyonga ipasuliwe ndani ya siku mbili hivi mgonjwa akishakuwa tayari. Huku kwetu hatuzifikii siku mbili kirahisi, lakini kuna tofauti kubwa kati ya siku tano na siku ishirini na tano.

SEHEMU YA 5: KITANDA NI DAWA, NA KITANDA NI SUMU

Hata hospitali nazo zilikosea kwa muda mrefu. Mpaka karibu katikati ya karne ya 20, mgonjwa aliyepasuliwa aliambiwa alale, alale, alale. Mzee mwenye nyonga alivutwa mguu kwa uzito wiki nane, kumi na mbili. Wengi walikufa, na ikasemwa "ni uzee."

Mwaka 1935 daktari mwanamke, Marjory Warren, alikabidhiwa jengo la wazee pale West Middlesex, pembeni ya London. Lilikuwa na wagonjwa 714, wengine wamelala miaka. Aliwapima mmoja mmoja. Akapaka kuta rangi angavu, akashusha vitanda vya kuwafungia, akawapa viatu, fimbo na mazoezi. Wengi walisimama, na wengine walirudi nyumbani kwao. Kumbe hawakuwa wazee wa kufa, walikuwa wazee waliolazwa! Mwaka 1947 daktari mwingine, Richard Asher, akaandika makala maarufu kuhusu hatari za kulala kitandani: damu inaganda mguuni, mapafu yanajaa, ngozi inakufa, misuli inayeyuka, na moyo unakata tamaa.

Ndiyo maana leo, bibi akipasuliwa nyonga, kesho yake nesi anakuja kumkalisha, na siku inayofuata anataka asimame na fremu ya kutembelea. Ndugu wanakuja juu: "Nesi huna huruma, jana tu kapasuliwa!" Mama zangu, ile ndiyo huruma yenyewe. Chuma kimewekwa ili asimame. Tukimwacha alale, tumemtibu mfupa tukamwua mtu.

Nitakuwa mkweli pia. Hata nchi tajiri, takriban mzee mmoja kati ya wanne waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka, na wengi wanaopona hawarudii mwendo wao wa zamani kabisa. Upasuaji si muujiza. Wapo wazee ambao moyo au mapafu yao hayaruhusu, na daktari atashauri vingine. Lakini uamuzi huo ufanywe baada ya mzee kupimwa, na usifanywe barazani.

Njia ya kupona inakwenda hivi. Siku za kwanza: dawa za maumivu, kukaa, kusimama, kuvuta pumzi ndefu, kukohoa. Wiki sita za kwanza: fremu au magongo, mazoezi ya mtaalamu wa viungo kila siku, hata dakika kumi mara tatu. Kwenye miezi mitatu wengi wanajua watafikia mwendo gani. Chakula: samaki, dagaa, mayai, mbaazi, kunde, maziwa yakipatikana. Uji mtupu haujengi misuli. Na jua la asubuhi, akae nje.

Jambo moja zaidi, linaogopesha wengi. Usiku wa kwanza au wa pili baada ya upasuaji mzee anaweza kuweweseka, akamwita marehemu mumewe, akang'oa dripu. Usikimbilie kusema majini yamempanda. Hali hiyo ni ya kawaida kwa wazee, inaletwa na maumivu, dawa, maji kupungua, maambukizi au kukosa usingizi. Mwambie nesi palepale. Mkalie karibu, mtaje jina, mvalishe miwani yake, mwashie taa. Mara nyingi hupita.

SEHEMU YA 6: TUNAPANGA KIFO, HATUPANGI KUANGUKA

Watu wa pwani tunajua kupanga. Wazee wetu waliweka minazi na nyumba wakfu ili msikiti na vizazi vifaidike. Waliandika wasia, wakijua haupiti theluthi ya mali. Bibi zetu wengine wana sanda sandukuni tangu wakiwa na nguvu zao. Wanawake wa hapa wamecheza upatu kabla VICOBA havijajulikana. Harusi ina kamati, unyago una kamati, hitima ina bajeti.

Ila ule mwaka mmoja baada ya kuanguka hauna kamati, hauna bajeti, hauna wasia. Hapo ndipo wewe mama kijana unapoingia. Kwa sababu bibi akilala, ni wewe utakayemwogesha ukiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo pangeni haya sasa:

1. Muulizeni bibi mwenyewe. "Ukivunjika mfupa na daktari akasema upasuliwe, unataka?" Akiwa na fahamu zake, idhini ni yake; si ya mwanawe wa kiume, si ya mjomba. Jibu lake lisikiwe na watu wawili, watatu, mapema. Akisema hataki, muulize anaogopa nini. Wengi wanaogopa kuwa mzigo, au kufia mbali na kwao. Hayo yana majibu.

2. Chagueni mtu mmoja mwenye kauli ya usafiri na fedha, aliye karibu. Kaka wa Dar apigiwe simu, asisubiriwe.

3. Bahasha moja: kitambulisho cha taifa, kadi ya bima au kitambulisho cha matibabu ya wazee, jina la dawa zake za presha na sukari, na dawa zenyewe. Wote wajue inakaa wapi.

4. Upatu wa kuanguka. Watoto na wajukuu wachange kidogo kila mwezi. Hata kama ni bei ya soda, kwa mwaka ni nauli ya mgonjwa na anayemuuguza. Bima ilipwe kabla, maana bima ya siku ya ajali imeshachelewa.

5. Damu. Vijana wenye afya wajue makundi yao na wawe tayari kuchangia.

6. Siku akianguka: msimkande, msimlazimishe asimame. Mfungeni miguu yote miwili pamoja kwa kanga, mto katikati, mbebeni akiwa amelala juu ya ubao au kitanda cha kamba. Fikeni hospitali siku hiyohiyo. Kumbukeni alikula saa ngapi mara ya mwisho.

7. Akirudi nyumbani hataweza choo cha kuchuchumaa. Fundi seremala anatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, ndoo chini. Kitanda kiinuliwe kifike usawa wa magoti. Mkeka wenye pindo lililokunjamana uondolewe, uani kuwe na taa, ndala zilizolika zitupwe. Haya yakifanyika kabla, huenda asianguke kabisa.

8. Zamu. Andikeni nani analala hospitali, nani anabaki na watoto, nani anapika. Msimwachie mkwe mmoja au binti mmoja. Anayeuguza akianguka naye, mnakuwa na wagonjwa wawili.

Na usisahau kwamba mifupa ya uzeeni inajengwa ujanani. Wewe unayenyonyesha leo, kula dagaa na mboga, tembea, ota jua, mpe binti yako wa miaka kumi maziwa na mayai inapowezekana. Nyonga ya mwaka 2080 inaanza jikoni kwako sasa hivi.

Basi, kauli ya "ndiyo basi tena" tumeirithi kutoka enzi za machela na pantoni. Iliwafaa waliokuwa hawana daraja, hawana eksirei, hawana chuma. Sisi tunavyo, kwa shida shida, lakini vipo. Usiku wa leo baada ya kula, kaa na bibi, anza na lile swali la kwanza tu. Mengine yatafuata. Mwenye swali aliandike hapa chini, nitajibu nikitoka zamu.